Nyimbo za ndani ya albamu ambazo hazikutoka kama singo: ipi yako, na kwa nini waliiacha?

#1 Mtoto wa Kihonda

Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa napanga vitu vya marehemu kaka yangu, nikakuta kanda yake ya dakika 90. Upande A ameandika kwa kalamu nyekundu MICHAEL, THRILLER, na chini yake USIFUTE kwa herufi kubwa utadhani hati ya kiwanja.

Sisi wadogo zake tuliijua Thriller ya Michael Jackson kwa kanda hiyo tu. Albamu ina dakika 42 na kidogo, upande mmoja wa kanda una 45, kwa hiyo ilitakiwa kuenea yote. Tatizo ni kwamba mwanzoni mwa kanda kulikuwa na wimbo wa kwaya ambao mama alikataza usiguswe. Kaka akaanza kurekodi baada ya hapo. Matokeo yake wimbo wa mwisho, The Lady in My Life, ulikatika njiani. Jamaa anabembeleza, anabembeleza, tak! Kanda imeisha. Nimekua nikiamini wimbo unaishia pale. Nilikuja kuusikia mzima nina miaka 26, kwenye CD ya rafiki, na ile sehemu ya mwisho nilikuwa siijui kabisa. Nilimwomba arudie mara tatu mpaka akaniuliza kama nimeachwa.

Sasa, albamu ile ina nyimbo 9, na 7 kati ya hizo zilitolewa kama singo, yaani ziliuzwa pia peke yake nje ya albamu. Zilizoachwa ni mbili: Baby Be Mine na huo wangu. Mimi naona huo wangu unazipita nusu ya zile 7. Dai langu ni hili: wimbo utakaoupenda mpaka uzeeni ni ule ambao hakuna mtu aliyekuchagulia.

Taja wako. Na mwenye kujua kwa nini huwa wanaziacha, atufumbue macho.

#2 Bisi na Soda

Siti ya mbele nimeshaiwahi. Endeleeni.

#3 SebeneKali

Mkuu, jibu ni jepesi. Nyimbo 7 zimetoka, 2 zimebaki kwa sababu zilikuwa dhaifu. Hata kwenye sinia la pilau kuna pande la nyama ambalo watu hulipisha pisha.

#4 Fundi Redio

SebeneKali, hilo pande ndilo wenye nyumba hulificha jikoni.

Mleta uzi, wewe umekatiwa mara mbili, nikupe siri. Thriller ilitoka Novemba 1982, na walipomaliza kuichanganya mara ya kwanza mtayarishaji Quincy Jones na wenzake wakagundua haisikiki vizuri. Sababu ni santuri yenyewe. Dakika zikiwa nyingi upande mmoja, mifereji inabidi ibanwe, na ikibanwa sauti inakuwa nyembamba, besi inakufa. Ikabidi wapunguze. Wakafupisha mwanzo wa Billie Jean, na kwenye The Lady in My Life wakatoa ubeti mzima. Yaani kabla kaka yako hajaukata, wenyewe walikuwa wameshaukata.

Na mtunzi wake si mtu mdogo. Ni Rod Temperton, Mwingereza, yule yule aliyetunga wimbo wa Thriller wenyewe. Baby Be Mine pia ni wake. Kwa hiyo alikuwa na nyimbo 3 mle ndani, mmoja ukawa na video ambayo dunia nzima imeiona, mbili hazikupata hata singo.

#5 Mtoto wa Kihonda

Fundi, kuhusu ubeti nilikuwa sijui. Sasa naumia upya.

#6 Santuri Safi (Nairobi)

Wazee, kidogo tu. Baby Be Mine iko kwenye singo. Human Nature ilipotoka Marekani mwaka 1983, hiyo ndiyo iliyokuwa upande wa B. Ninayo nyumbani. Sasa tuamue kwanza: wimbo uliokaa mgongoni mwa mwingine tunauhesabu umetoka ama haujatoka?

#7 Kinyozi wa Sinza

Upande B haujatoka. Mpambe hahesabiwi kuwa ameolewa.

#8 Santuri Safi (Nairobi)

Umenikumbusha kitu, Kinyozi. Huyo mpambe analipwa sawa na bibi harusi. Singo ikiuzwa, mtunzi wa upande B anapata senti zile zile za mtunzi wa upande A, hata kama hakuna aliyewahi kuigeuza. Ndiyo maana kwenye makundi kulikuwa na vita ya kugombea upande B. Queen walipotoa Bohemian Rhapsody mwaka 1975, nyuma yake waliweka wimbo wa mpiga ngoma wao Roger Taylor kuhusu mapenzi ya mtu kwa gari lake. Gari! Na alivuna kwa kila nakala iliyouzwa kwa ajili ya Freddie Mercury, mwimbaji wao.

Kwa hiyo wakati mwingine wimbo kuwekwa mbele, nyuma au kuachwa ndani hakuhusiani na uzuri. Ni mgawanyo wa unga nyumbani.

#9 Binti Mvita

Salaam aleikum jamani. Mimi wangu ni Behind the Wall ya Tracy Chapman, ile albamu yake ya kwanza ya 1988. Singo zake zilikuwa Fast Car, Talkin' Bout a Revolution na Baby Can I Hold You. Huu haukutoka na sioni ungetokaje.

Baba alikuwa akifanya kazi bandarini, kanda aliletewa na baharia. Sisi watoto ulipofika wimbo huo tulidhani redio imeharibika, maana hapana gitaa, hapana ngoma, ni sauti ya mwanamke peke yake. Kaka yangu akaipiga redio kofi. Kumbe ndivyo ulivyo. Anaeleza anavyosikia jirani akipigwa usiku nyuma ya ukuta, na kwamba kuita polisi hakusaidii, wanakuja wamechelewa kama watakuja.

Mama Kiingereza chake kilikuwa cha sokoni, lakini huo aliuelewa. Ulipokuwa ukifika alikuwa akipunguza sauti. Miaka mingi nilidhani hapendi. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikakumbuka nani alikuwa akiishi nyuma ya ukuta wetu sisi, na kwamba alikuwa akielewa Kiingereza kuliko sote.

#10 Bisi na Soda

Duh. Bisi nimeweka chini.

#11 Mstaafu wa Maikrofoni

Binti Mvita, ahsante kwa hiyo.

Nimekaa studio ya redio miaka mingi, niseme upande wetu. Singo kwetu ilikuwa kazi ya saa. Kipindi kina matangazo, kina salamu, kina habari kila baada ya saa. Wimbo wa dakika 3 na nusu unapachikika popote, wa dakika 6 unakula salamu za watu 20 na hao watu wana hasira. Nyimbo nyingi mnazozililia ziliachwa kwa urefu wake tu.

Mfano mkubwa ni Isn't She Lovely ya Stevie Wonder, albamu ya 1976. Ule una zaidi ya dakika 6, amemwimbia binti yake Aisha aliyekuwa amezaliwa mwaka uliotangulia, na mtoto mwenyewe anasikika mle. Kampuni ilitaka kuukata uwe singo. Stevie akagoma. Haukutoka. Redio ziliupiga hata hivyo. Kule Uingereza mtu mwingine, David Parton, akaona pengo, akaurudia kwa sauti ya kufanana na ya Stevie akafika namba 4 mwaka 1977.

#12 Kijana wa Malindi (Muscat)

Namba 4 kwa mtoto wa mwenzio! Huyo Parton angekuwa kwetu Unguja angeimbiwa mipasho mpaka ahame mji.

Halafu mlioko huko mnajua kwamba Stevie anafasiri jina mle ndani? Anasema Aisha maana yake ni uhai. Bibi yangu aliposikia akasema huyu mtu kamsomesha nani Kiswahili. Nikamwambia bibi, ni Kiarabu, sisi na yeye tumekopa duka moja.

#13 SebeneKali

Mstaafu, hoja yako ya urefu ina tundu. Bohemian Rhapsody ina karibu dakika 6 na ilitoka nzima bila kukatwa. Wakubwa walisema redio hazitaipiga. Kenny Everett wa Capital Radio ya London akaipiga mara 14 wikendi moja. Ikaenda namba 1. Basi urefu si sababu, ni kisingizio cha watangazaji wavivu.

#14 Mstaafu wa Maikrofoni

Mtangazaji mmoja mkaidi London hafuti maelfu waliokuwa wakitazama saa ukutani, kijana. Nami nilikuwa mmoja wa hao.

#15 Kijana wa Malindi (Muscat)

Mmefika kwa Freddie na hakuna aliyetaja kwamba ni mtoto wa Mji Mkongwe? Kazaliwa Zanzibar Septemba 1946, Farrokh Bulsara. Wangu mimi ni Mustapha, wimbo wa kwanza kwenye albamu ya Jazz ya 1978. Unaanza kama mtu anaadhini halafu magitaa yanaingia kwa fujo. Maneno mengi hayana maana yoyote, amechanganya Kiarabu na vitu vya kichwani mwake. Kampuni gani ya London ingethubutu kuutoa kama singo?

#16 Santuri Safi (Nairobi)

Yugoslavia na Hispania zilithubutu. 1979. Samahani ndugu yangu.

#17 Kijana wa Malindi (Muscat)

Wewe mtu unalala na madaftari? Haya, nabadilisha. Love of My Life.

#18 Santuri Safi (Nairobi)

Ile ya studio ya 1975 uko salama. Lakini ile ya jukwaani ilitoka kama singo mwaka 1979. Ni kisa kile kile cha No Woman, No Cry: ya studio kwenye Natty Dread ya 1974 ilipita kimya, halafu waliporekodi jukwaani London Julai 1975, watu wakiimba kiitikio pamoja na Marley, hiyo ndiyo ikawa singo na ndiyo mnayoijua. Hapo utasema umetoka au haujatoka?

#19 Rasi wa Arusha

Wa jukwaani ni wimbo mwingine kabisa. Ule wa studio una mashine ya ngoma nyuma na unakimbia kidogo. Mimi naupenda ule wa studio na huwa nagombana na watu kwenye vijiwe.

Na kwa Marley jihadharini na neno "haukuwahi". Three Little Birds ilikaa ndani ya Exodus tangu 1977, ikatoka singo 1980. One Love iko kwenye albamu hiyo hiyo, singo 1984, mzee akiwa kaburini miaka 3. Wimbo wa ndani unaweza kuitwa nje wakati wowote, kama mchezaji wa akiba.

#20 Kinyozi wa Sinza

Ahsante Rasi. Halafu nasikia No Woman, No Cry kamwandikia rafiki yake?

#21 Rasi wa Arusha

Mtunzi aliyeandikwa ni Vincent Ford, jamaa yake wa Trench Town aliyekuwa akiendesha jiko la kulisha watu wasio na kitu. Kwa hiyo mapato ya utunzi yalikwenda kwake. Nani hasa alishika kalamu, watu wanabishana hadi leo. Tusihame uzi.

#22 Konda Mstaafu

Nimechelewa kufika. Wa kwangu ni N.Y. State of Mind ya Nas, Illmatic, 1994. Albamu ile ina vipande 10, na nusu yake vilitoka singo. Huu wa DJ Premier haukutoka, na ndio watu wakisikia lile kinanda la mwanzo wanakunja sura.

Matatu niliyokuwa nikifanya kazi Eastlands, dereva alikuwa na sheria: abiria wa asubuhi wanapigiwa nyimbo za redio ili wasilalamike, za ndani ya albamu ni za usiku, trip ya mwisho, gari likiwa na watu wanaojuana. Ukimwona mtu anaomba wimbo wa namba 2 upande wa kwanza, unajua huyu hadai chenji.

Na Hit 'Em Up ya 2Pac jamani. Kwenye All Eyez on Me haikuwahi kuwa singo.

#23 Fundi Redio

Konda, Hit 'Em Up haimo kabisa kwenye All Eyez on Me. Ilitoka Juni 1996 kama upande B wa How Do U Want It. Kanda uliyokuwa nayo ilipachikwa na watu wa River Road, si kampuni ya 2Pac, Death Row.

#24 Konda Mstaafu

Miaka 25 nimeishi kwenye uongo. Ila waliopachika walijua kazi, iliingia vizuri.

#25 Shangazi Mhasibu

Habari zenu. Mnatafuta sababu kwenye muziki, sababu iko kwenye hesabu.

Led Zeppelin mwaka 1971 walitoa Stairway to Heaven ndani ya albamu isiyo na jina. Wimbo wa dakika 8. Redio za Marekani zikauomba, vituo vikapewa santuri za matangazo tu, dukani singo hakuna. Meneja Peter Grant alikataa katakata. Ukiutaka wimbo, nunua albamu nzima. Watu wakanunua kwa mamilioni. Hiyo si sanaa, ni kuuza gunia kwa mtu aliyekuja kutafuta kilo.

Miaka ya tisini kampuni zikaufanya mtindo. Don't Speak ya No Doubt ilikaa kileleni mwa chati ya redio za Marekani wiki 16, lakini kwenye Hot 100, chati kuu ya jarida la Billboard, haikuonekana hata siku moja. Kanuni ya Billboard wakati ule ilikuwa lazima kuwe na singo inayouzwa dukani, na wao hawakuitoa ili watu wanunue albamu. Kanuni ilibadilishwa Desemba 1998.

#26 SebeneKali

Kwa hiyo Shangazi, Don't Speak kwa vigezo vya uzi huu inafaa? Ina video, ilipigwa kila redio, kila mtu anaijua?

#27 Shangazi Mhasibu

Kwa daftari la duka inafaa. Kwa daftari la redio haifai. Chagueni daftari.

#28 Bisi na Soda

Nimerudi. Stairway si ndio ule ukichezwa kinyumenyume unamsalimia shetani?

#29 Fundi Redio

Tulijaribu mwaka fulani kwa kugeuza kanda kwa mkono. Kilichotoka ni sauti ya mbuzi aliyekabwa. Shetani hakuja, ila tulivunja redio ya mjomba na mjomba ndiye aliyekuja.

#30 Mzee wa Ilala Bungoni

Wajukuu, nawasoma tangu asubuhi. Mnazungumza kama kwamba dunia nzima ilikuwa na singo kwanza, albamu baadaye, na mtu wa kuchagua. Kwetu haikuwa hivyo.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, santuri ilikuwa ya mizunguko 78, upande mmoja dakika 3 hivi. Albamu gani? Kila wimbo ulijitegemea. Baadaye zikaja ndogo za mizunguko 45. Wimbo wa dansi hauenei upande mmoja, basi wanaukata: Sehemu ya 1 mbele, Sehemu ya 2 nyuma. Unasikiliza mashairi, unainuka, unageuza, ndipo upate sebene. Aliyekuwa mvivu wa kuinuka hakuwahi kulisikia gitaa.

Na bendi za Dar zilirekodi Radio Tanzania. Zile hazikuwa singo wala albamu. Ulikuwa mkanda umewekwa kabatini, unapigwa jioni, basi. Dukani huupati. Aliyetaka santuri alipanda basi kwenda Nairobi, kama Mbaraka Mwinshehe. Kwa hiyo kipimo chenu hiki mkikileta kwetu, nusu ya muziki wa Tanzania haukuwahi kutoka kama singo, na wote tunauimba.

#31 Santuri Safi (Nairobi)

Shikamoo mzee. Hapo kwenye Sehemu ya 2 umenigusa. Ninazo za benga ambazo upande wa kwanza umelika mpaka unakwaruza na wa pili unang'aa. Na kuna nyingine ziko kinyume kabisa: wa kwanza mpya, wa pili umekwisha. Hao walikuwa wachezaji.

#32 Mzee wa Ilala Bungoni

Marahaba mwanangu. Hao wa pili ndio sisi.

#33 Kinyozi wa Sinza

Mzee umefungua mlango wa Bongo. Mwaka 2001 Profesa Jay alipotoa Machozi Jasho na Damu, redioni ilikuwa Ndio Mzee, kwenye daladala Ndio Mzee, bungeni nadhani walikuwa wakiisikiliza kwa siri. Mimi saluni nilikuwa na kaseti nzima. Mteja akikaa kunyolewa anataka Ndio Mzee. Namwambia subiri, hatujafika. Kichwa kimoja dakika 20, upande mmoja vichwa viwili. Wateja wangu wakawa wanajua nyimbo ambazo wenzao hawazijui. Nilikuwa redio ya pembeni.

Tena si kwamba nilikuwa mjuzi. Redio yangu ya kaseti ilikuwa na kitufe cha kupeleka mbele kilichovunjika.

#34 Mtoto wa Kihonda

Kinyozi umesema jambo. Sisi kitufe kilikuwepo lakini kukigusa ni kesi. Kupeleka mbele na kurudisha nyuma kulikuwa kunakula betri. Kurudisha ni kwa kalamu ya Bic, unazungusha mpaka kidole kinauma. Na betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati. Kwa hiyo ukianza upande A unakwenda mpaka mwisho, upende usipende. Labda ndiyo maana nyimbo hizi zilituingia. Si kwamba ni nzuri kuliko. Hatukuwa na pa kukimbilia.

#35 Rasi wa Arusha

Hapana mleta uzi, usijishushe. Nilisikiliza kwa nguvu hiyo hiyo nyimbo mbovu nyingi na sizikumbuki hata moja. Lucky Dube tulisikiliza kanda nzima, hatukujua hata kama kuna kitu kinaitwa singo, na bado kila mtu alikuwa na wake. Uzuri upo, betri zilitusaidia kuufikia tu.

#36 Dogo wa Kimara

Wakubwa shikamooni. Mimi nina miaka 19. Naomba kuuliza, siku hizi singo ni nini? Msanii akiachia albamu nyimbo zote zinakuwepo mtandaoni siku hiyo hiyo.

#37 Shangazi Mhasibu

Marahaba. Swali zuri kuliko majibu yetu. Machi 2017 Ed Sheeran alitoa albamu, nyimbo zake zote 16 zikaingia 20 bora za Uingereza kwa wiki moja, kwa sababu kila usikilizaji ulihesabiwa. Watu wa chati wakashtuka, wakaweka kanuni: msanii mkuu asiwe na zaidi ya nyimbo 3 kwenye chati kwa wakati mmoja. Kwa hiyo leo singo ni neno la adabu tu, ishara ya "huu ndio tumeulipia video".

Na wasikilizaji wanalipiza. Here Comes the Sun ya Beatles, 1969, kwao Uingereza haikutoka kama singo. Leo ndiyo wimbo wao unaosikilizwa kuliko wote Spotify. George Harrison, mpiga gitaa wao, aliutunga bustanini kwa rafiki yake Eric Clapton siku aliyotoroka mikutano ya wahasibu. Naelewa kabisa.

#38 Santuri Safi (Nairobi)

Japani ilikuwa upande B, 1970. Sikutaka kusema lakini nimeshindwa.

#39 SebeneKali

Mtu amwondoe huyu.

#40 Mstaafu wa Maikrofoni

Beatles hao hao mwaka 1967 waliifanya Sgt. Pepper's bila singo hata moja wakati ule. Nyimbo mbili nzuri walizianza kwa ajili ya albamu hiyo, zikatolewa mapema kama singo, basi wakaziacha nje kwa sababu hawakutaka mtu anunue kitu mara mbili. George Martin, mtayarishaji wao, alijuta baadaye. Shangazi, hapo hesabu zako zinasemaje? Kuna waliokataa kuuza mara mbili.

#41 Shangazi Mhasibu

Zinasema walikuwa na hela ya kutosha.

#42 Binti Mvita

Mmenitajia Stevie na mimi nilimtaja Tracy, acheni niwaunganishe. Tamasha la Wembley la Juni 1988, la miaka 70 ya Mandela akiwa bado gerezani. Tracy alikuwa ameshaimba mchana. Jioni Stevie anapanda, kifaa cha kinanda chake kimepotea, akakataa kupanda. Wakamrudisha Tracy na gitaa lake kuziba pengo. Akaimba Fast Car mbele ya dunia nzima. Siku chache baadaye kanda zake zikawa zinatafutwa kila mahali, na ndivyo moja ikafika bandarini kwetu. Bila kifaa kile kupotea, mama asingeusikia ule wimbo wa ukutani.

#43 Konda Mstaafu

Kwa hiyo aliyepoteza kile kifaa ndiye mchaguzi wa nyimbo.

#44 Binti Mvita

Labda. Na mleta uzi, nimesoma mabandiko yote 43, hakuna aliyekuuliza. Ule wimbo wa kwaya wa mwanzoni ni upi?

#45 Mtoto wa Kihonda

Hauna jina, dada. Walirekodi wenyewe kwa redio iliyowekwa juu ya benchi la kanisa, kwaya ya mtaani kwetu, jumapili moja baada ya ibada. Hawakutoa kanda. Mnasikia hadi mtu anakohoa na jogoo. Mama yuko sauti ya pili, alikuwa mama wa miaka thelathini hivi. Nakala ni hiyo moja.

Bado sijaicheza tangu niipate. Nimeona kama vumbi jeupe pembeni ya utepe. Nina redio ya kaseti nimenunua kwa machinga juzi, nataka kuiweka leo usiku.

#46 Fundi Redio

USIIWEKE. Hilo si vumbi, ni ukungu, na redio ya machinga itautafuna utepe. Nisikilize. Fungua kasha kama lina skrubu, futa ukungu kwa pamba kavu, polepole, usitumie maji. Tafuta deki nzuri ya zamani, safisha kichwa chake kwa spiriti kabla. Chomeka waya kwenye kompyuta na uanze kurekodi KABLA ya kubonyeza kucheza, maana utepe wa namna hiyo unaweza kukubali mara moja tu. Uko Morogoro? Nicheki faragha, ninayo deki, nashuka Ijumaa.

#47 Mtoto wa Kihonda

Nimekutumia. Thriller tuiruke, tuanze na kwaya.